Kabati Lililobisha Hodi Majini

Ngo! Ngo! Ngo!

Hodi ya kwanza walidhani ni maji yanapiga mbao. Ya pili walitazamana. Ya tatu ilikuja baada ya kituo kidogo, kituo cha mtu mstaarabu anayesubiri kukaribishwa, na hapo Seremala akaketi sakafuni kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Kabati langu linabisha hodi," alisema.

Hapo ndipo tulipokatishwa wiki jana, msomaji wangu. Kabati jipya la mninga limeteleza kutoka mashuani, linaelea chali, milango imetazama mbinguni, na ndani yake mkono wa mtu unagonga. Sindano yuko kwenye usukani, siku yake ya kwanza. Mjomba wake, mwenye mashua, amesimama mbele na kipande cha kamba mkononi. Fundo alilifunga mwenyewe, na alikataa lisikaguliwe.

"Tuhesabiane," alisema Mjomba. "Mimi nipo. Fundi, upo?"

"Sina hakika."

"Upo. Sindano yupo. Tuliopanda ni sisi watatu. Basi mle ndani hamna mtu."

"Kama hamna mtu," aliuliza Sindano, "anayebisha ni nani?"

"Mimi nilitengeneza kabati," alisema Seremala akijifunika uso. "Kama kuna kingine kimeingia humo, mimi simo."

Na mashua haikusimama ili wao wabishane. Upepo ulikuwa umejaa tangani, na kila neno walilosema liliwasogeza mbali zaidi na ile hodi.

"Mjomba!" alipaza sauti Sindano. "Tupa mito!"

"Mito ipi?"

"Mito ya viti! Yote! Mmoja mmoja, haraka!"

Mjomba akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni.

Kisa cha mshangao wake ni hiki. Asubuhi ile walikuwa wamepakia samani za nyumba mpya ya wageni iliyoko ng'ambo: makabati mawili, viti, na rundo la mito ya viti iliyovalishwa kitambaa chekundu cha kung'aa. Na Mjomba alikuwa ametoa neno lake mbele ya wapagazi wote gatini.

"Ukivusha mzigo huu ukiwa mzima," alimwambia Sindano, "usukani ni wako. Kikipungua kitu, hata mto mmoja, unarudi kwenye cherehani, na neno usukani nisilisikie tena mpaka ning'oke meno."

Cherehani! Tangu amalize shule, Sindano alikuwa akishona matanga katika chumba cha nyuma, kule mwisho wa mtaa wa wauza misumari na rangi. Chumba kina dirisha moja, na dirisha lenyewe limetazama ukuta. Vidole vyake vina sugu za sindano nene, ndiyo maana wakamwita hivyo. Kila tanga lililoivusha mashua ile lilipita magotini mwake, lakini yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuivusha.

Na juu ya cherehani, ukutani, kuna maneno yaliyoandikwa kwa rangi ya mashua: KILICHOPANDA KISHUKE. Aliyeyaandika ni Bibi, mama yake Mjomba, aliyeiendesha mashua hiyo mpaka magoti yalipoanza kulia na mwanawe akamkataza kukanyaga hata ngazi yake. Bibi ndiye aliyemfundisha Sindano, jioni baada ya jioni, kwa kijiti na beseni la kufulia, nini cha kufanya kitu kikianguka. "Kitu kimoja majini ni nukta, mke mwenzangu. Nukta haionekani. Tupa vingine vinavyoelea, upate njia."

Kutupa mito, basi, kulikuwa ni kuutupa usukani. Sindano alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle mashuani.

"Huo ni mzigo wa watu!" alifoka Mjomba.

"Na kabati si mzigo wa watu?"

"Kabati moja limepotea, sawa, ni bahati mbaya. Wewe unataka tupoteze na mito!"

"Mjomba, kabati halibishi hodi lenyewe!"

Ngo... ngo... Safari hii ilisikika kwa mbali, kama hodi ya nyumba ya tatu.

Aliyekata shauri hakuwa Mjomba. Seremala aliinuka, akakumbatia mto wa kwanza, akaurusha kwa mikono miwili. "Mninga mtupu ule!" alilia. "Miezi yangu mizima! Twende!" Akarusha wa pili. Akarusha wa tatu. Mito ikatua nyuma ya mashua mmoja baada ya mwingine, myekundu juu ya maji ya kijivu, kama vifungo vya koti.

"Ikikaa sana majini hunywa," Mjomba alinung'unika. "Ile ni sponji. Ikishiba, inazama."

"Basi tusikae sana. Inameni!"

Sindano akausukuma usukani kwa nyonga na mabega. Mashua ikalala ubavu, ikageuka, na mti wa tanga ukavuka juu ya vichwa vyao kwa mshindo uliomng'oa Seremala kofia. Kofia nayo ikaenda majini.

"Hiyo haimo katika mzigo," alisema Sindano.

"Lakini imo katika moyo wangu!"

Wakaanza kurudi kwa njia ya mito. Mjomba, kwa kulabu ndefu, alinasa mmoja, akaukamua, akautupa sakafuni. Akanasa wa pili. Alikuwa na hasira, ila mkono wake ulikuwa mkono wa baharia, haukukosea. Kofia walikuwa wameshaishika, kando ya mto wa mwisho kutupwa. Wakaendelea mpaka wa kwanza kutupwa, ule uliokuwa karibu zaidi na pale kabati lilipoangukia.

Mto wa kwanza haukuwapo. Wala kabati.

Maji matupu.

"Limezama," alisema Mjomba kwa sauti ndogo.

"Limezama?" Seremala aliruka. "Kabati langu? Nahodha, viungo vile havipitishi hata uvumi! Sema limepaa, nitakubali. Lakini usiseme limezama!"

"Kile ni nini?" alisema Sindano.

Mbele kidogo kulikuwa na kitu cha kijani kikichezacheza juu ya wimbi. Mjomba akakinasa. Ndara. Ndara ya mpira, ya mguu wa kushoto, kisigino kimelika upande.

"Hii si yetu," alisema.

Mbele tena, ndara ya kulia.

Mbele tena, chupa ya chai, ikielea wima na mdomo juu kama mtu asiyetaka kulowa nywele. Mjomba alipoiinua, akaigeuza, akaigeuza tena. Mpini wa chupa ile ulikuwa umevunjika siku nyingi zilizopita, na mtu fulani akaufunga kwa waya wa bluu, mizunguko iliyopangana vizuri, na fundo kubwa la kujisifu mwishoni.

Fundo lile alilifunga yeye mwenyewe. Jikoni. Kwa chupa ya mama yake.

"Mama," alisema Mjomba.

"Bibi?" Sindano alipaza sauti kutoka usukanini. "Si ulisema umemwacha amelala?"

"Nilimwacha amejifunika gubigubi! Nilimuaga, hakujibu!"

"Uliaga blanketi, Mjomba!"

Msomaji, hapo Mjomba alisahau mzigo, akasahau mito, akasahau cherehani na maneno yake ya gatini. Alipanda juu ya rundo la viti akaanza kuita, mtu mzima mwenye mvi za masikio, "Mama! Maaama!" kama mtoto aliyepotea mnadani.

Sindano ndiye aliyebaki na akili zake. Ndara, ndara, chupa. Havikutawanyika ovyo. Vilikuwa vimepangana.

"Hajazama," alisema. "Anatupa vitu. Anatutengenezea njia! Fundi, tazama mbele, na ukiona chochote piga kelele!"

"Naona!" Seremala alipiga kelele. "Naona kitu!"

Ilikuwa ni kabati. Milango yote miwili wazi, kama mikono ya mtu anayesema sina. Na juu ya kingo zake hapakuonekana kichwa, wala bega, wala kidole.

Seremala akavua kofia yake iliyolowa. Mjomba akashuka kutoka rundo la viti.

Kisha kutoka ndani ya kabati kikachomoza kijiti cheusi. Kikapanda. Kikafunguka. Ukawa mwavuli, mkubwa, wa maua ya njano, ukajaa upepo, na kabati likaanza kwenda zake taratibu kuelekea ng'ambo.

"Anasafiri," alisema Seremala, machozi yakimtiririka. "Kabati langu linasafiri!"

"Bibi!" aliita Sindano. "Funga mwavuli!"

"Nani huyo anayenipa amri?" ilijibu sauti kutoka kabatini.

"Mimi! Nahodha!"

Kabati likayumba. Kisha mwavuli ukafungwa.

Usikimbilie kilichoanguka, Bibi alimfundisha kwa kijiti na beseni. Kizunguke, ukijie kwa chini ya upepo, ili upepo wenyewe ukuvunje mbio. Sindano akazunguka. Akaielekeza mashua usoni mwa upepo. Tanga likapigapiga, likalegea, na mashua ikajongea kabati pole pole, ikaligusa kama mtu anayebusu shavu la mtoto mgonjwa.

Ndani alikuwa ameketi Bibi, miguu mitupu, kilemba hakijasogea hata unywele, mkoba mapajani.

"Umezunguka kwa duara pana mno," alisema. "Lakini tutayaongea nyumbani. Nimebisha hodi mpaka nikafungua milango mwenyewe. Mbona mmechelewa?"

Mjomba alimvuta mashuani kwa mikono miwili. Baada yake wakalivuta kabati kwa kamba na kapi, na lilipotua tu Seremala akaingiza kichwa ndani, akapapasa pembe zote nne.

"Kavu!" alipaza sauti. "Kavu kabisa! Hamna hata tone!"

"Lipo moja," alisema Bibi. "La chai. Mlipotikisika."

Wakacheka, wote, hata Mjomba, kicheko cha watu walioachiwa roho zao. Lakini kicheko cha Mjomba hakikukaa. Macho yake yalikuwa yameshuka sakafuni, kwenye mito iliyolowa, na midomo yake ikaanza kusogea. Alikuwa anahesabu.

Alihesabu mara mbili.

"Mmoja haupo," alisema.

Sindano alijua. Mto wa kwanza, ule uliokosekana pale pa kabati.

"Mjomba..."

"Nilisema hata mto mmoja. Nililisema mbele ya watu." Sauti yake haikuwa na furaha. "Umemwokoa mama yangu, na nitakushukuru mpaka kaburini. Lakini neno ni neno, mwanangu. Nipe usukani."

Sindano akaitazama mikono yake yenye sugu. Akaliona dirisha lililotazama ukuta. Akavuta pumzi, akaanza kusogea pembeni.

"We mtoto," alisema Bibi akimgeukia Mjomba.

"Naam, Mama."

"Kwani mimi nilikuwa nimekalia nini mle kabatini? Mbao tupu? Na kiuno hiki?"

Wote wakageuka. Ndani ya kabati, mahali pale pale alipoketi, palikuwa na mto mwekundu, umebonyea katikati.

"Ulipita karibu, nikauokota kwa mpini wa mwavuli," alisema Bibi. "Kilichopanda kishuke. Mwache mwenzangu aendeshe."

Sindano alipiga kelele ambayo sithubutu kuiandika. Usukani ulikuwa wake! Akaugeuza kuelekea ng'ambo, tanga likajaa, na mashua ikaondoka kama inayoitwa kula.

Ningekuwa mtu mwema ningeishia hapa. Lakini Mjomba alikuwa na swali moja, na swali hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

"Mama, ulifuata nini humo?"

"Nilitaka kumwona mjukuu wangu akiendesha. Wewe umenikataza kupanda kama abiria, nikapanda kama shehena."

"Na mkoba je? Na kilemba cha sikukuu? Na hayo mafuta unayonukia?"

Bibi akautazama upeo wa maji kwa makini sana.

Ngo! Ngo! Ngo!

Seremala akarudi sakafuni.

Hodi ile haikutoka majini. Ilitoka kwenye kabati la pili. Lile ambalo halikuanguka. Lile ambalo wapagazi walililalamikia asubuhi kwamba limeshiba, na Seremala akawajibu kwa kiburi kwamba mninga halisi una uzito wake.

"Msilifungue," alisema Bibi upesi.

Mjomba akalifungua.

Kwanza alitoka mguu wenye kiatu kilichong'arishwa. Kisha suti, imejikunja kila mahali isipopaswa kujikunja. Mwishowe uso wa mzee mnene aliyetoka usingizini, akipepesa macho.

"Tumefika?" aliuliza.

Kitunguu!

Nitakwambia Kitunguu ni nani, maana Mjomba kwa wakati huo hakuweza kusema. Ni nahodha wa mashua nyekundu, hasimu wa familia. Jina hilo alipewa na Mjomba mwenyewe, kwa sababu kila akimwona hutokwa na machozi ya hasira. Tangu wagombanie nafasi ya kufunga mashua gatini walikuwa hawajapeana hata salamu. Asubuhi ile mashua nyekundu haikutoka, na Mjomba alishangilia gati zima: "Mzee amechoka! Amebaki kitandani!"

Sasa walisimama uso kwa uso. Na malezi, msomaji, ni kitu kibaya. Mjomba alilelewa vizuri. Mbele ya mkubwa wake kwa umri mdomo ulimponyoka kabla hajauzuia.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema Kitunguu kwa upole. "Marahaba, mwanangu."

"Mwa... nani?"

"Kaa chini, we mtoto," alisema Bibi.

"Sikai! Mama, huyu anasema mwanangu!"

"Bado si mwanawe. Mpaka saa sita. Msajili wa ndoa wa ng'ambo anatungoja."

Kitunguu alichomoa ua mfukoni. Lilikuwa limelaliwa. Akajaribu kulinyoosha petali moja moja.

"Sindano!" alinguruma Mjomba. "Geuza mashua! Tunarudi nyumbani!"

Upepo ulivuma. Bibi akamtazama mjukuu wake. Kitunguu naye aliacha ua lake. Na Sindano akauhisi ule mti chini ya kiganja, usukani wake wa robo saa, wa kunyang'anywa kwa neno moja tena.

"Bibi alipanda?" aliuliza.

"Usiniletee maneno!"

"Alipanda, Mjomba?"

"Alipanda! Kiwiziwizi!"

"Na huyu mzee alipanda?"

Mjomba akalipiga teke kabati la pili.

"Basi watashuka ng'ambo, walikoelekea," alisema Sindano. "Sheria si yangu. Imeandikwa ukutani juu ya cherehani. Ukitaka tugeuze, nitageuza ukishanionyesha wapi imefutwa."

"Huyo ndiye wangu!" alisema Bibi.

"Mimi sitashuka nchi kavu na Kitunguu kama baba yangu!" Mjomba alipiga hatua moja nyuma, kidole hewani. "Nasema sitashuka! Afadhali mimi ni..."

Akapiga hatua ya pili, juu ya mto uliolowa.

Mto uliteleza. Mjomba akaenda na hewa, kidole bado kimenyooshwa, akapita juu ya ukingo.

Chubwi!

"Tupa mito!" alipiga kelele Sindano, na usukani ukawa umeshageuka kabla hajamaliza kusema.

"Haraka!" Bibi alishika kichwa. "Mwanangu hajui kuogelea!"

"Nahodha hajui kuogelea?" aliuliza Seremala.

"Alikuwa anaona aibu kujifunza mbele ya watu!"

Kitunguu hakuuliza lolote. Alivua kiatu kimoja, cha pili kikamkatalia, akakiacha. Akaliweka ua juu ya kabati kwa uangalifu. Akapanda ukingoni na suti yake yote.

"Mwanangu, nakuja!" alinguruma, na akaruka.

Bibi akatoa yowe lililoyashinda mayowe yake yote.

"Hata huyo hajui! Nyinyi, hata huyo hajui!"

Na nyuma ya mashua, manahodha wawili waliokaa miaka bila salamu walikuwa wamekumbatiana shingoni kwa mara ya kwanza, juu ya mto mmoja mwekundu. Na mto ule ulikuwa umeshaanza kunywa.